Hamisi, mwambie Saidi asisaini kwanza

Shangani, Mtwara

Hamisi ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Natumai huko Mtanda hamjambo na mama mguu umempa nafuu; mfikishie shikamoo yangu. Huku tuko wazima, ni joto tu, na bei ya korosho, ambayo kila mtu anaizungumza kana kwamba ghala ni la babake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, ingawa ni mrefu kuliko nasaha za mkwe. Umechanganya mambo mawili: la Warner, wenye DC inayochapa katuni za Superman na Batman, kutaka kuuzwa, na la Saidi wetu kuuza katuni anazochora. La kwanza umelililia dakika nzima nzima, la pili umelirusha mwishoni pamoja na salamu. Mimi ningeyapindua. Lakini najua bila kujibiwa la DC hutanisikiliza, basi tuanze nalo.

Tangu Warner Bros. Discovery ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inapokea posa za wanunuzi, wewe na Bakari mmeshamzika Superman. Mnasema mwenye mali mpya atawalainisha wahusika, atafuta historia zao, na kila toleo litageuka tangazo la muvi. Maneno haya haya yalisemwa tarehe 31 Agosti 2009, Disney ilipotangaza kuinunua Marvel, wachapishaji wa katuni walio washindani wa DC, kwa dola bilioni 4 hivi, pamoja na wahusika zaidi ya 5,000. Watu wakachora Wolverine mwenye masikio ya Mickey, wakacheka, wakalia. Masikio hayakuota. Na DC unayoililia leo kama bikira ilinunuliwa mwaka 1967 na Kinney, kampuni ya maegesho ya magari na nyumba za mazishi! Miaka 2 baadaye Kinney ikanunua na studio ya Warner. Batman amelelewa na wazika maiti na hakuna msomaji aliyelalamika.

Sisemi hofu haina msingi. Nasema mnaiangalia nguo ya shujaa wakati kinachohama ni haki: nani anaruhusiwa kuchapa nini, kwa muda gani, na faida inaingia mfuko upi. Mfano mzuri ni Fantastic Four, kitabu cha katuni kilichoiinua Marvel tangu 1961. Haki za muvi zilikuwa kwa studio ya Fox, zimeuzwa zamani kabla Disney hajaja. Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye mali: kila toleo unalochapa linamtangazia mshindani wako sinema yake. Mwaka 2015 kitabu kikasimamishwa, mwaka ule ule ambao Fox walitoa muvi yao, na hakikurudi hadi Agosti 2018, wakati Disney ilikuwa tayari mbioni kuinunua Fox. Hakuna aliyembadilisha tabia hata mhusika mmoja. Waliondolewa rafuni tu.

Pili ni leseni, na hapa ndipo wakusanyaji kama wewe mnapoumia. Dark Horse, mchapishaji mwingine wa katuni, ilichapa Star Wars tangu 1991. Disney ikainunua Lucasfilm, wenye Star Wars, mwaka 2012, leseni ya Dark Horse ikaisha mwishoni mwa 2014, na Januari 2015 Marvel wakaanza kuchapa wao. Kwa katuni za Aliens na Predator, muvi za Fox, yakawa yale yale: Dark Horse tangu miaka ya 1980, kisha Fox ikaingia Disney mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba vinahamia Marvel. Hadithi za zamani nyingi zilichapwa upya, hiyo ni kweli. Ila zilirudi kwa ukubwa mwingine na mpangilio mwingine. Yale majuzuu ya Dark Horse ya inchi 6 kwa 9 hayakai sawa na ya Marvel, na juzuu la 3 la huku si juzuu la 3 la kule. Ukiachia mfululizo katikati, kuumalizia ni kununua nusu ya kile ulichonacho tayari.

Kwa hiyo kama unataka kufanya kitu badala ya kulia, chukua orodha yako uitenge kwa kuangalia ukurasa wa hakimiliki, ule wa maandishi madogo. Jina la hakimiliki likiwa la mchapishaji mwenyewe, tulia. Ni nadra aache kuchapa mali inayomlisha; yale ya Fantastic Four hayatokei kila siku. Likiwa la kampuni nyingine, hiyo ni leseni, na ndiyo ya kukamilisha kwanza, hasa majuzuu ya mwisho mwisho, maana hayo huchapwa nakala chache na huadimika mapema. Likiwa la mchoraji na mwandishi wenyewe, nalo halina haraka: wao hubeba kazi yao kwenda kwingine. Dark Horse yenyewe ilichukuliwa na Embracer ya Sweden mwaka 2022, lakini Hellboy alibaki wa Mignola aliyembuni.

Na za kwenye simu, usinichokoze. Unakumbuka Comixology, lile duka la katuni za mtandaoni? Amazon waliinunua Aprili 2014, na mwezi ule ule kitufe cha kununua kikaondolewa kwenye programu ya iPhone ili Apple wasipate asilimia yao. Mwaka 2022 tovuti yake ikamezwa na Amazon, mwishoni mwa 2023 programu yenyewe ikafungwa, watu wakaambiwa wahamie Kindle, programu ya vitabu ya Amazon. Vitabu havikupotea, ila ule usomaji wa fremu kwa fremu uliowavuta watu pale umepoteza hadhi. Ulicholipia ni ruhusa ya kusoma. Ukipata muuzaji anayetoa faili la PDF au CBZ, lishushe siku hiyo hiyo. CBZ si kitu cha ajabu, ni picha zilizofungwa kwenye zip; badilisha mkia wa jina uwe .zip, utazikuta kurasa zote ndani. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi na nyingine mahali tofauti. Si kadi ya simu ile ile unayoiazima Mwajuma.

Sasa Saidi. Huyu ndiye anayeninyima usingizi, na wewe umemtaja kwa sentensi moja: "kuna jamaa wa Dar wanataka kumnunulia katuni zake zote." Kununua katuni maana yake nini? Michoro ya karatasi? Ruhusa ya kuchapa kitabu kimoja? Au mhusika mwenyewe, jina lake, sura yake, katuni za video, fulana, vyote na milele? Ni vitu vitatu tofauti na vina bei tatu tofauti.

Mwambie asome kama kuna maneno yanayosema kazi imefanywa kwa kuagizwa na kampuni, kwa hiyo ni ya kampuni tangu mwanzo. Hapo ndipo familia ya Jack Kirby, mchoraji wa Marvel, ilipokwama. Mzee alifariki 1994. Septemba 2009, wiki chache baada ya Disney kutangaza ununuzi, watoto wake walipeleka notisi za kurudishiwa haki. Mahakama ya rufaa mwaka 2013 ikasema kazi ile iliagizwa, haki hazikuwahi kuwa zake, basi hakuna cha kurudisha. Wakaja kuelewana nje ya mahakama mwaka 2014. Huo ni Marekani na sheria yao, lakini maneno hayo hayo yanachapwa kwenye mikataba ya Dar.

Halafu kuna mtego wa pili, mtamu kuliko wa kwanza. Jamaa watamwambia: "Tusipochapa, haki zinakurudia." Ndivyo mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons walivyokubaliana na DC kuhusu kitabu chao cha katuni, Watchmen: kitabu kikiacha kuchapwa, haki zirudi kwao. Hakijaacha kuchapwa tangu miaka ya 1980. Na siku hizi faili moja likikaa mtandaoni, mwanasheria atasema kitabu bado kiko sokoni. Saidi asikubali maneno "kisipopatikana". Aandikiwe idadi: nakala zikiuzwa chini ya kiasi fulani ndani ya miezi 12, haki zinarudi bila kuomba. Tena aweke kifungu cha kampuni yenyewe kuuzwa. Leo anaelewana na hao jamaa, kesho wakimezwa na kubwa lao, mkataba unahama pamoja na meza na viti. Adai wasiuhamishe bila idhini yake ya maandishi, na asilimia yake imfunge mnunuzi mpya vile vile. Wakikataa hicho kifungu, basi huenda tayari wana mnunuzi kichwani.

Kabla ya yote, kazi akaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, michoro ya mhusika wa mbele, ubavuni na nyuma, ikiwa na jina na tarehe. Wala asiwapelekee faili kubwa za kuchapia. Awape ndogo, zenye jina lake katikati ya ukurasa. Bakari ananiambia Saidi amekwishawatumia zote. Nisaidie, hilo si kweli, ama?

Na ameshapokea hela yoyote? Kuna karatasi, au ni maneno ya WhatsApp tu? Yule mjomba wake wa mahakamani Nachingwea bado yuko, au alihamishwa? Wamempa tarehe ya mwisho? Piga picha kila ukurasa wa mkataba, hata zile zenye mihuri tu, unitumie leo. Picha ziwe wima na zisikatwe pembeni, maana asilimia huwa zinajificha huko. Na wewe hilo juzuu la Aliens la mwisho unalo au ulimuazima mtu?

Wako,
Mohamedi