Vidonge vya kifua visifungwe pindoni

Mhariri,

Mgonjwa wa moyo asifunge vidonge vya nitrogliserini, dawa ya kutuliza kifua kinachobana, kwenye karatasi wala pindo la kanga. Vikae ndani ya kichupa chake cha kioo cha kahawia, kifuniko kimekazwa. Dawa hii hupotea hewani kama mvuke, na joto letu la kaskazi huzidisha. Kinachobaki ni kidonge kisicho nguvu.

Kifua kikibana, kaa kwanza, maana kidonge hushusha presha ghafla mtu akaanguka. Weka kimoja chini ya ulimi. Usimeze: ini litaiharibu karibu yote. Kichwa kuuma ni kawaida.

Dakika 5 bila nafuu, ongeza cha pili huku gari ya hospitali ikitafutwa, visizidi 3. Aliyekunywa sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48 (zote dawa za nguvu za kiume), asiviguse kabisa.

Wafamasia,
Chake Chake, Pemba