Hata makuhani wa Ezra walipimiwa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji aliyesema kwamba Mkristo anayeuliza fedha za kanisa zimekwenda wapi ana upungufu wa imani, kwa kuwa sadaka ikishatolewa imekuwa ya Mungu, na Mungu anajua kulinda chake. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikakasirika. Ya tatu nikanyamaza, kwa sababu miaka michache nyuma barua ile ningeweza kuiandika mimi mwenyewe, na ningekuwa na sababu zangu za kuiandika.

Mimi ni mhazini wa kanisa, mwaka huu natimiza miaka 14. Kazi hii wengi hawaijui. Ibada ikiisha, wenzangu wakiwa nje wanasalimiana na kushikana mikono, mimi nimefungiwa ofisini na kapu. Sarafu za watoto huwa bado zina joto la viganja vyao. Kuna noti zilizokunjwa na kukunjwa tena mpaka zikawa kama kidonge, na hizo ni za mtu ambaye hakutaka jirani yake aone alichotoa. Kuna noti zilizonyooka bila hata kovu la mkunjo, za mtu ambaye asingejali kama zingeonekana. Nimewahi kukuta kifungo cha shati. Nimewahi kukuta bahasha isiyo na kitu ila kikaratasi: "Mwombeeni mume wangu, hajui nimeandika." Ukikaa mezani pale muda mrefu unajua miandiko ya watu na unajua mwezi gani nani hali yake imeyumba. Mhazini anatakiwa awe na mdomo mzito.

Sasa niseme langu, ambalo washirika wenzangu wanalijua tayari. Nimekuomba, Mhariri, jina langu lisichapwe, na ni kwa ajili ya mwanangu ambaye ameingia humu bila kuulizwa.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi: nahesabu mimi na shemasi mmoja, tunaandika jumla kwenye daftari, tunasaini wote wawili, kisha mfuko nakwenda nao nyumbani na Jumatatu naupeleka benki. Huo ndio uliokuwa kwenye maandishi. Kwa vitendo, shemasi mara nyingi alikuwa na haraka zake, akawa anasaini ukurasa mtupu. "Dada, wewe jaza tu, mimi nakuamini." Nami nilijisikia vizuri kuaminiwa namna hiyo.

Jumapili moja usiku mtoto alibanwa kifua. Tulipofika hospitali tukaambiwa tulipe kwanza. Nilichokuwa nacho hakikutosha, na usiku ule niliopigia simu hawakupokea. Mfuko ulikuwa nyumbani, juu ya kabati. Nilirudi nikaufungua. Nilihesabu nilichochukua, maana mikono yangu imezoea kuhesabu hata nikiwa natetemeka, nikaandika kiasi hicho kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya mfuko. Mtoto alitibiwa, akapona. Jumatatu sikwenda benki. Jumatano nilikopa kwa ndugu yangu, nikajaza mfuko, nikaupeleka. Hesabu ikalingana na daftari, hata senti haikupungua.

Halafu nikakichana kile kikaratasi.

Nimejiuliza sana kwa nini kuchana kulinitesa kuliko kuchukua. Jibu nililipata kwa Anania na Safira, kisa ambacho nilikuwa nimekisikia tangu utotoni nikidhani kinahusu watu wasiotaka kutoa. Kisome tena, Matendo ya Mitume sura ya 5. Petro anamwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa mkononi mwake azifanyie apendavyo. Hakuna aliyemdai vyote. Kilichomuua ni kuleta sehemu na kuiita yote. Kile kikaratasi changu, kwa ubaya wake wote, kilikuwa kinasema kweli. Nilipokichana ndipo nilipoileta sehemu nikaiita yote.

Kwa miaka mitatu nilikaa na jambo hilo, na ungedhani lilininyenyekeza. Wapi! Nikawa mkali. Ni mimi niliyependekeza majina ya waliochelewesha ahadi zao yasomwe wakati wa matangazo, na ni mimi niliyeyasoma. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akikaa benchi la tatu upande wa dirisha. Nilipotamka jina lake alikuwa anamfunga mtoto wake kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga kamba ile, akaifungua, akaifunga tena, mpaka nilipomaliza orodha. Jumapili iliyofuata hakuja. Bahasha zake nilikuwa nimezishika miaka yote ile, nami ndiye niliyejua kuliko mtu yeyote kwamba hakuwa mtu wa kukwepa. Alikuwa amepungukiwa tu. Kama ambavyo mimi nilipungukiwa usiku ule, ila yeye hakuwa na mfuko juu ya kabati.

Mtu aliyeficha lake huwa hodari wa kutangaza la mwenzake. Nimeliona kwangu, na samahani kama naonekana nawasingizia wengine, nimeliona pia kwenye vikao vya wazee. Nimeona barua ikiandikiwa kijana anayetafuta kazi, ikimtambulisha kuwa mshirika mwaminifu, wakati hakuna aliyekuwa na uhakika hata na jina lake la pili. Sahihi yangu ilikuwemo. Nimeona hesabu ya waliohudhuria ikiongezewa kidogo kabla ya kupelekwa juu. Nayapita haraka kwa sababu kila msomaji anayeingia kanisani ana ya kwake.

Kilichonitoa ni somo la vijana. Mwalimu wao aliugua, nikaombwa nishike nafasi, na zamu ilikuwa kitabu cha Ezra, sura ya 8. Nilikuwa nakisoma kwa kubabaisha, vikombe na mabakuli, mpaka nilipokwama. Ezra anajiandaa kutoka Babeli kwenda Yerusalemu, safari iliyomchukua miezi minne hivi. Njia ina wavizia. Anaona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi wa kumlinda, kwa kuwa ameshamwambia kwamba mkono wa Mungu u juu ya wote wamtafutao. Kwa hiyo anatangaza kufunga, wanaomba, wanaondoka bila ulinzi. Ndugu yangu uliyeandika ile barua, ukitafuta imani ya kumwachia Mungu mali yake, nakupa hiyo.

Lakini soma mistari inayofuata. Mtu huyohuyo anatenga wakuu 12 wa makuhani, analeta mizani, na kuwapimia mkononi: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, mabakuli 20 ya dhahabu. Anawaambia kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana na vyombo ni vitakatifu. Wavilinde mpaka watakapovipima tena mbele ya wakuu kule Yerusalemu. Na walipofika, siku ya nne, vikapimwa, kila kitu kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Aliwaita watakatifu na mizani ikiwa mkononi. Barabarani alimtegemea Mungu bila askari, lakini makuhani hakuwaachia wajue wenyewe.

Kijana mmoja, wale wa kukaa nyuma, akanyoosha mkono: "Sasa sisi mfuko wetu unapimwa na nani?" Wenzake wakacheka. Nikasema tufunge kwa sala.

Wiki hiyo nilikwenda kwenye kamati nikasema yote, mtoto, mfuko, kikaratasi. Niliomba mambo mawili: nitubu mbele ya kanisa, na mfuko usilale tena kwa mtu mmoja. Kimya kikawa kirefu. Mzee mmoja akasema, "Dada, si ulirudisha? Basi hilo limekwisha." Mwingine akasema tukilitoa nje tutamwaibisha Mungu na watu watapunguza kutoa. Kuhusu mfuko walinijibu kwa upendo mtupu kwamba hakuna haja, wananiamini. Nikawaambia kwamba kuniamini kwao ndiko kulikoniponza. Shemasi wa ukurasa mtupu aliangalia meza.

Mchungaji wetu alinijibu kwa Maandiko, nami namheshimu kwa hilo. Alinikumbusha Wafalme wa Pili sura ya 12, mahali pasemapo kwamba watu waliokabidhiwa fedha za kulipa mafundi wa nyumba ya Bwana hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Mstari upo. Lakini nilikuwa nimeisoma sura nzima, maana siku hizo usingizi ulikuwa haba. Sura hiyo inaanza na makuhani waliokuwa wakipokea fedha za matengenezo, na hata mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi mabomoko ya nyumba yalikuwa hayajazibwa. Ndipo Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Na lilipojaa walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja. Wale waliowalipa mafundi waliaminiwa, ndiyo, lakini fedha ziliwafikia zikiwa zimeshahesabiwa na macho manne. Paulo naye, alipobeba mchango wa kanisa za Makedonia na Akaya kwenda Yerusalemu, hakukubali kwenda peke yake. Anawaeleza Wakorintho sababu: asije mtu akawalaumu kwa ajili ya fedha ile, na kwamba wanaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, bali na mbele za wanadamu. Ukiwaza kwamba kwenye kundi la Yesu mwenyewe mfuko ulishikwa na Yuda, naye Yohana anasema alikuwa mwizi, sijui nani kati yetu ana sababu ya kuona kwamba kuhesabiwa ni matusi.

Tukaachana hivyo. Baada ya siku kama kumi mchungaji akanifuata akiwa na karatasi aliyoinakili kutoka kwenye daftari lake la chuoni. Ilikuwa sehemu ya barua ya Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya pili, aliyowaandikia Wakristo wa Filipi. Kulikuwa na mzee wa kanisa huko aitwaye Valensi, ambaye yeye na mkewe walianguka, na kwa jinsi Polikarpo anavyoonya hapo juu ya kupenda fedha, inaonekana ndiko walikoangukia. Hakuficha jina. Aliliandika, ndiyo maana tunalijua leo. Akasema anahuzunika sana, anawaombea toba ya kweli, na akawasihi Wafilipi wasiwahesabu kuwa maadui bali wawarudishe kama viungo vilivyo dhaifu na vilivyopotea. Mchungaji akasema, "Mama, nilidhani nina mambo mawili tu ya kuchagua, kukuficha au kukufukuza." Alikuwa ananiita dada, sijui siku hiyo umama ulitoka wapi.

Nilisimama mbele ya kanisa. Sikuulizwa mengi. Wapo walioacha kunipa bahasha mkononi, wanasubiri kapu lipite, na ni haki yao. Mmoja aliniambia mlangoni heri ningenyamaza. Yule mama wa benchi la tatu nilimfuata kwake nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akanisikiliza, akasema amenisamehe. Anasali kwingine sasa na hajarudi kwetu.

Siku hizi tunahesabu watatu, hakuna asainiye kabla ya tarakimu, na mfuko unakwenda kwenye sefu ya kanisa. Kila mwisho wa mwezi natundika mlangoni karatasi ya mapato na matumizi. Miezi ya kwanza watu waliipita kama tangazo la zamani. Jumapili iliyopita nilimkuta mzee mmoja amesimama pale, miwani kaisogeza kwenye ncha ya pua, kidole kinashuka mstari kwa mstari, na foleni ya watu wanaotaka kutoka imejipanga nyuma yake.

"Mama Mhazini," akaniita, "hapa pameandikwa Mengineyo. Mengineyo ndiyo nini?"

Kwa miaka 14 hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Uso uliniwaka, nakiri. Nikamwambia asubiri, nikaenda kufungua kabati. Risiti zilitakiwa ziwe tano, nikapata nne. Ya tano ni ya balbu za ukumbini, bado naitafuta, na mzee ameahidi kupita tena Jumapili.

Wako,
Mhazini wa kanisa
(Jina na anwani vimehifadhiwa)