Barua kwa Zuhura kuhusu maneno "tsavt tanem"

Tanga, Jumapili jioni

Mpendwa Zuhura,

Nimeipokea barua yako, nami nimefurahi kusikia kwamba wewe na watoto hamjambo huko Glendale, California. Umeniuliza kuhusu maneno ambayo bibi wa Kiarmenia unayemhudumia hukuambia kila unapomchana nywele au kumletea chai, "tsavt tanem", na umeeleza kuwa mwenzako wa zamu aliyafasiri kuwa ni malalamiko ya maumivu, ilhali mjukuu wa bibi alikujibu kwa haraka kwamba maana yake ni "anakupenda". Maneno hayo niliambiwa mara nyingi sana na mama mwenye nyumba niliyopanga nilipokuwa mwanafunzi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, na kwa kuwa nayapenda mno, niruhusu nikujibu kwa urefu kidogo.

Mwenzako hakukosea kabisa, kwa sababu "tsav" ni maumivu au uchungu, na "tanel" ni kuchukua, kubeba, kupeleka kitu mahali pengine. Kosa lake ni kudhani kwamba uchungu unaotajwa ni wa bibi. Utamu wote umejificha katika sauti moja ndogo inayosikika mwishoni mwa neno la kwanza, ambayo huandikwa kwa herufi ya "d" ingawa hapo hutamkwa kama "t". Waarmenia wana viambishi vitatu vya namna hiyo: "tsavs" ni uchungu ulio kwangu mimi ninayesema, "tsavd" ni uchungu ulio kwako wewe unayesikiliza, na "tsavn" ni uchungu ulio mbali nasi au ule tunaoujua sote. Je, huoni jinsi jambo hili lilivyo karibu na lugha yetu? Sisi tunasema uchungu huu, uchungu huo na uchungu ule, na katika Kiarmenia cha kale, kilichoanza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 5, baada ya Mesrop Mashtots kubuni alfabeti yake ya herufi 36, viambishi hivyo vilifanya kazi ileile ya kuonyesha. Lugha nyingi za Ulaya zimebakiza tofauti mbili tu, ya "hapa" na ya "pale", kwa hiyo wanaofasiri kupitia lugha hizo hulazimika kusema "uchungu wako", wakati sisi tunaweza kusema "uchungu huo" na kuuelekeza kidole palepale ulipo.

Kitenzi nacho kinatufaa vilevile. "Tanem" si "ninachukua" wala "nitachukua", maana hayo yana maumbo yake mengine, bali ni umbo la kuomba na kutamani, kama irabu "e" tunayoiweka mwishoni mwa "niende" na "nilale". Kwa hiyo bibi anakuambia: uchungu huo niuchukue mimi. Haimaanishi kwamba amekuona unaumwa, kwa sababu mtu mzima humwambia hivyo hata mtoto anayecheza kwa furaha, au mtu aliyemtendea wema mdogo tu. Ni kana kwamba lolote litakalokupata siku za mbele, yeye ametangulia kulipokea. "Pole" yetu ni neno jema, lakini humwachia mgonjwa maumivu yake, na ndiyo maana sikubali iwe tafsiri ya maneno haya.

Utasikia wengine wakidai kwamba hakuna taifa jingine duniani lenye usemi kama huu. Usikubali, maana Waajemi husema "dardet be junam", yaani uchungu wako uje kwenye nafsi yangu, na Waazeri nao wana usemi wao wa kuyachukua mabaya ya mtu. Majirani hao wameishi pamoja kwa karne nyingi, na hata neno "jan", ambalo bila shaka bibi hulitia baada ya jina lako kwa upendo, Waarmenia wamelipata kutoka Kiajemi, ambako ni roho au uhai. Kwangu mimi, kuazimana huko hakupunguzi thamani ya maneno hata kidogo.

Nina ombi moja. Waarmenia ambao wazee wao walitoka Anatolia, katika Uturuki ya leo, wakatawanywa na mauaji ya 1915 hadi Lebanon, Syria na Ufaransa, hutamka "danim" badala ya "tanem", na irabu hiyo ya "i" ndiyo iliyokuwamo katika kitenzi cha kale, "tanim". Umeandika "tanem", lakini huenda uliandika kama mwenzako alivyokutajia. Kesho ukimpelekea chai, msikilize vizuri neno la pili, kisha uniandikie amesema lipi.

Wasalimie watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanahamisi