Zebaki haiungui: barua ya wazi kwa wachimbaji wa dhahabu wa Busia

Wanangu wa Tiira na machimbo mengine ya Busia, Uganda, kina mama mnaoosha mchanga kwenye karai, na nyinyi wanunuzi wadogo mnaotembea na mizani mfukoni,

Salaam kwenu nyote. Baadhi yenu niliwafundisha kemia kabla sijastaafu. Wengine mnanijua tu kama yule mzee anayewapimia dhahabu watu wasioiamini mizani ya mnunuzi. Ninaandika kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila panapochomwa dhahabu: "Zebaki ikishaungua, imekwisha." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Kaona kidonge cha kijivu, yaani dhahabu iliyonaswa na zebaki mchangani, kikiingia motoni, kaona njano ikibaki, basi kwake hesabu imefungwa. Mimi nasema haijafungwa, na nitawaonyesha kwa mizani hiyohiyo mnayouzia.

Mkishakamua zebaki kwenye kitambaa, kidonge kinachobaki huwa kwa kawaida karibu nusu dhahabu, nusu zebaki. Kipimeni kabla ya kukichoma: tuseme ni gramu 2. Kichomeni, mkipime tena: gramu 1. Ile gramu nyingine iko wapi? Mizani haikuwaambia kwamba imekwisha. Imewaambia kwamba haipo tena juu ya sahani.

Makaa ndiyo yanayoungua. Kaboni yake hushikana na oksijeni ya hewani, ikawa gesi, na joto tunalolitumia linatokana na kushikana huko. Zebaki kwenye sigiri haipati mabadiliko ya namna hiyo. Inachemka tu, kama maji ya chai yanavyochemka, na maji ya chai hamsemi yameungua. Mkifunika sufuria mnayakuta yamerudi matone chini ya kifuniko. Tofauti ni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi na zebaki kwenye nyuzi 357, joto ambalo moto wa makaa unalipita kwa mbali. Dhahabu yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1064, ndiyo maana inabaki pale chini imetulia. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ukipanda ukakutana na kitu cha baridi, hurudi kuwa matone madogo mno yasiyoonekana kwa urahisi: kwenye mabati, kwenye nguo iliyotundikwa, kwenye nywele za mtoto aliyekuja kutazama. Mvua ikinyesha, kilichokuwa kwenye mabati kinateremka na mfereji hadi kwenye tangi la maji ya kunywa.

Mfaransa mmoja, Lavoisier, alilichunguza jambo hili akitumia zebaki hiyohiyo. Aliipasha moto siku 12 ndani ya chombo chenye hewa ya kiasi alichokijua, na juu yake ukatokea unga mwekundu, yaani zebaki iliyoshikana na sehemu ya hewa ile. Alipouchukua ule unga akaupasha moto mkali zaidi, zebaki ikarudi inang'aa kama mwanzo, pamoja na gesi tunayoiita oksijeni. Yeye alikuwa mtu wa mizani: alipima vilivyoingia na vilivyotoka. Mwaka 1789 akaiandika kanuni kwamba katika badiliko lolote la kemia, maada iliyokuwepo mwanzo ni sawa kwa kiasi na iliyopo mwisho. (Miaka mitano baadaye walimkata kichwa, lakini hiyo ilikuwa kesi ya kodi, haikuhusu kemia.)

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Jiwe ni maada, maji ni maada, na mvuke usioonekana ni maada vilevile. Jiwe mnalolisaga ni mchanganyiko: kwatzi (lile jiwe jeupe gumu), madini ya chuma, na vipunje vya dhahabu, kila kimoja na tabia zake, ndiyo maana mnaweza kuvitenganisha kwa maji na mikono. Chumvi ya kula ikiwa safi si mchanganyiko wa namna hiyo. Ni kampaundi, sodiamu na klorini zilizofungamana, na hata ukiipepeta mwaka mzima hazitaachana. Dhahabu na zebaki ziko ngazi ya mwisho kabisa. Ni elementi. Ndani ya dhahabu safi hamna kitu kingine cha kutoa, na ndani ya zebaki vilevile.

Kwa nini moto hauwezi kuivunja elementi? Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba kila elementi imeundwa na chembe zake, atomu, na kwamba kemia huzipanga na kuzipangua tu bila kuziumba wala kuziangamiza. Pointi moja ya dhahabu, ile gramu 0.1 mnayoigombania, ina atomu zipatazo 3 ikifuatwa na sifuri 20. Kilichomo ndani ya atomu kilikuja kujulikana kwa msaada wa dhahabu yenyewe. Kuanzia 1909, huko Manchester, Geiger na Marsden, wakiongozwa na Rutherford, walirusha chembe ndogo sana zenye kasi kwenye karatasi ya dhahabu iliyopondwa ikawa nyembamba kupita kiasi. Nyingi zilipenya kana kwamba hakuna kitu, lakini chache ziligonga na kurudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatoa maelezo: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika kwenye kiini kidogo mno katikati, na sehemu kubwa iliyobaki ni uwazi.

Kwenye kiini hicho ndiko utambulisho wa elementi ulipo. Ndani yake mna chembe ziitwazo protoni: dhahabu ina 79, zebaki ina 80. Wanakaa jirani kwenye jedwali la elementi, wametofautiana kwa protoni moja, na kwa hiyo moja huyu anavaliwa harusini na yule anatetemesha mikono ya watu. Moto wa sigiri, wa gesi, hata wa karakana ya vyuma, unachezea elektroni tu, zile chembe zilizo nje ya kiini. Kiini haukifikii. Kwa hiyo hakuna moto mtakaoukoka ambao utaigeuza zebaki kuwa elementi nyingine. Itahama tu.

Kuna kijana aliniambia kwamba amewahi kumeza tone la zebaki na hakuugua. Namwamini. Zebaki ya majimaji ikimezwa, tumbo hulichukua kidogo sana. Lakini mvuke ukivutwa, takriban asilimia 80 yake hubaki mwilini, hupita kwenye damu hadi kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ni elementi ileile, hali tofauti. Inayoanguka kwenye matope ya mito ina habari nyingine tena: bakteria huiunganisha na kaboni ikawa zebaki ya methili, hii huingia kwa samaki, na samaki mkubwa anayekula wadogo huikusanya zaidi. Mito ya Busia, mingine inaelekea Kyoga na mingine Viktoria. Ugonjwa wa sumu ya zebaki uliowapata watu wa Minamata, Japani, uliotambuliwa mwaka 1956, ulipitia njia hii ya samaki.

Sasa mizani, maana hapo ndipo mnapoibiwa kila siku na hamlii kama inavyostahili. Mizani inayokosea nusu pointi ni gramu 0.05. Inaonekana si kitu. Uza mara 20, gramu nzima imekwenda kwa mnunuzi, haba na haba. Kabla ya kuuza, tazameni kama inasoma sifuri ikiwa tupu, kama meza haijainama, na kama upepo haupigi sahani. Halafu muwekee jiwe la uzito unaojulikana. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, hukagua mizani za biashara na kuzibandika stika. Isiyo na stika muiulize mwenyewe kwa nini. Mawe yangu ya gramu 1, 5 na 10 yapo, anayetaka kuijaribu yake aje. Na mnunuzi akitaja wakia, mkumbuke kwamba wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, ila ile ya kupimia vitu vingine dukani ni 28.35. Akitaja tola, kipimo cha Kihindi, hiyo ni gramu 11.66.

Uzito peke yake hauwaambii kama ni dhahabu. Wekeni glasi ya maji juu ya mizani, rudisheni sifuri. Fungeni kipande kwa uzi mwembamba, kizamisheni chote bila kugusa kando wala chini. Namba itakayotokea ni gramu za maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawanyeni uzito wa kipande kwa namba hiyo, mmepata densiti. Kipande cha gramu 5.79 kikisukuma 0.30, jibu ni 19.3, hiyo ni dhahabu safi. Kikisukuma 0.36 jibu ni 16.1, pengine robo yake ni fedha. Kikisukuma 0.68 jibu ni 8.5, hiyo ni shaba ya njano, mrudishie mwenyewe. Tofauti hizi za densiti ndizo zinazofanya karai lifanye kazi: kwatzi ni 2.65 tu, maji yanaibeba huku dhahabu ikizama.

Lakini kipimo kina mpaka wake, na mtu asiyeujua mpaka huo ataapa kwa namba ya uongo. Kipande cha gramu 0.5, kwa mizani inayosoma 0.01, kitawaonyesha 0.02 au 0.03. Ya kwanza inatoa densiti 25, ya pili 16.7. Hiyo 25 haipo kwenye metali yoyote duniani. Osmiumu, iliyo nzito kuliko zote, ni 22.6. Kwa hiyo dhahabu ndogo msiipime kwa maji, kusanyeni kwanza. Tena kuna metali iitwayo wolframu, ambayo watu wa Kigezi waliichimba: densiti yake ni 19.25, na maji hayawezi kuitofautisha na dhahabu. Matapeli wa Kampala wanalijua hilo. Kipande kikubwa cha mtu msiyemjua kitobolewe kwanza.

Mtaniuliza tufanyeje, familia inakula kwa zebaki. Kwa sasa, asiyeweza kuiacha atumie ritoti, kile chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke na kuurudisha kwenye kopo la maji. Itumieni nje, mbali na nyumba, na msiifungue ikiwa bado ya moto. Sehemu kubwa ya zebaki inarudi, na zebaki mnanunua kwa hela. Sigiri ya kuchomea dhahabu isipikiwe posho kamwe. Anayeweza kwenda mbele zaidi ajifunze kutumia boraksi, unga mweupe wa madini, badala ya zebaki. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia kwa miaka mingi: mchanga mzito uliooshwa vizuri sana unachanganywa na boraksi na kupulizwa moto mkali, uchafu unayeyuka na kuwa kama kioo, dhahabu inakusanyika chini. Inataka uoshaji wa subira, na hapo kina mama mna ujuzi kuliko wanaume wengi ninaowajua.

Limebaki la marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu. Wanaokuja na malori kuyanunua wanayapeleka kwenye matangi ya sayanidi. Sayanidi ni sumu ya kuua mtu upesi, lakini ni kampaundi, kaboni na nitrojeni, na jua na hewa huweza kuivunja baada ya muda. Zebaki haivunjiki. Tena sayanidi inaiyeyusha zebaki iliyobaki mchangani pamoja na dhahabu, na kinachovuja tangini kinatembea na maji hadi mbali. Rundo lililopitiwa na zebaki litengwe na lile lililooshwa kwa maji matupu, liwekewe alama, na mnunuzi aambiwe lipi ni lipi kabla lori halijapakia.

Ni mimi mzee wenu wa mizani,
Busia