Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Asteroidi, 30 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kufika hapa Mbozi kwa barabara ambayo sasa unaijua mwenyewe.

Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii ya asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua, kwa sababu tarehe 30 Juni 1908 mwamba wa angani ulilipuka juu ya Tunguska, Siberia, ukalaza msitu. Sisi hatuna haja ya kwenda Siberia. Ndolezi tunacho kimondo chetu, kama tani 16 za chuma na nikeli, kilichoingia katika kumbukumbu za wataalamu mwaka 1930.

Mafanikio ya klabu ni makubwa. Desemba iliyopita, mvua ilipotupisha kwa saa mbili, tulihesabu kwa macho matupu vimondo 11 vya Geminidi, manyunyu ya vimondo ya kila Desemba. Hakuna shule jirani iliyofikia rekodi hiyo, wala iliyojaribu.

Mheshimiwa, macho matupu yana mwisho. Kimondo kikiwaka utakiona, lakini asteroidi ikiwa kwenye njia yake kwa kawaida huioni. Hata Ceres, iliyo kubwa kuliko zote, yenye kipenyo cha kilomita zipatazo 940, inataka darubini. Na hapo ndipo tulipokwama.

Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi darubini, tukapiga makofi. Wa pili aliahidi kufuatilia ahadi ya wa kwanza, tukapiga makofi. Wa tatu alituagiza tutangulize msingi, naye ataleta chombo. Tulichanga mifuko miwili ya saruji, mchanga tukaubeba kwa ndoo kutoka mtoni. Nguzo ya zege imesimama nyuma ya bwalo, imenyooka kwa pimamaji. Ukipita hapo baadaye utamkuta mpishi ameanika dagaa juu yake. Tusimlaumu, ni mahali pazuri penye jua.

Kimondo cha Ndolezi hakikuahidiwa na mtu. Vya aina yake hutoka huko kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, na kilifika. Darubini yetu inatoka Mbeya mjini tu.

Tunaomba darubini moja, Mheshimiwa, pamoja na tarehe ya kuipokea. Ikiwa tarehe haipo, tunakuomba kwa heshima zote usiahidi, ili tumjulishe mpishi mapema.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati