Kwa baba na mama Nkuhungu, na dogo anayeanza kazi Mtumba

Baba na mama shikamooni. Mi huku mzima, baridi ndo inakaza, saa tisa alasiri hapa Uppsala, Sweden, kiza kishaingia. Salamu za bibi wa Mvumi nilizipata, mwambieni mbukwenyi sana.

Baba ile voisi yako nimeisikiliza yote. Umesema umesikitika kusikia namuita mkuu wangu wa kazi jina lake tupu, na wazee tunaowahudumia pia, ukauliza kama ndo malezi niliyopewa. Sijaipuuza, ndo maana nimeona niandike maana kwenye simu mtandao ukikatika maneno yanabaki nusu. Na dogo naye asome taratibu kwa sababu Jumatatu anaripoti wizarani na haya yanamhusu kuliko hata mimi.

Kwanza hawa Waswidi hawakuzaliwa hivi. Pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna bibi mmoja kavuka miaka 90, alikuwa mwalimu mkuu, yeye ndo kanihadithia siku moja namchana nywele. Anasema ujanani kwake ilikuwa huwezi kumwambia mtu "wewe" hivi hivi, unamtaja kwa cheo chake usoni pake kama vile unamsema mtu mwingine ambaye hayupo, yani umekaa na daktari mnatazamana halafu unamuuliza "je daktari atakunywa kahawa?", na ukikosea cheo cha mtu umemtukana. Neno la kumuita mtu mmoja kwa wingi, yani "nyinyi", lilikuwepo, ila wakubwa walilitumia kwa watumishi wao wa ndani kwa hiyo hakuna aliyetaka kuitwa hivyo. Sasa muuza duka asiyejua mteja wake ana cheo gani ilikuwa shida, anazunguka weee, "labda kahawa ingefaa?", mradi tu asimtaje mtu kabisa. Bibi akimuigiza yule muuza duka anacheka mpaka machozi yanamtoka, kitana nakishikilia hewani namsubiri amalize.

Afu mwaka 1967 mkurugenzi mpya wa mamlaka ya tiba ya nchi, Bror Rexed, akawatangazia wafanyakazi wake kwamba yeye atawaambia wote "du", yani wewe, na wao wamwambie hivyo hivyo. Mitaani na maofisini ilishaanza kabla yake ila yeye ndo anayekumbukwa, na miaka michache tu nchi karibu nzima ikafuata, Olof Palme alipoingia uwaziri mkuu 1969 waandishi wa habari wanamhoji kwa "du" na yeye anawajibu hivyo hivyo.

Baba, 1967! Si ndo mwaka wa Azimio la Arusha huo? Si wewe uliyekuwa unatuhadithia watu walivyokuwa wanaitana ndugu, waziri ndugu, karani ndugu, dereva ndugu, na Rais wa nchi anaitwa Mwalimu basi inatosha? Nilipomwambia bibi akanishika mkono, Nyerere anamkumbuka vizuri, na Kibaha anaijua, ile ile Kibaha uliyosoma wewe baba ambayo hizi nchi za Nordiki, yani Sweden na jirani zake, zilisaidia kuianzisha 1963. Kwa hiyo ninapomuita bosi wangu jina lake sioni kama nimeenda mbali sana na ulichotufundisha. Wenzetu walilishika lao mpaka leo, sisi "ndugu" yetu imebaki kwenye barua za ofisi na vikao vya chama tu, siku hizi hata diwani usipomuita mheshimiwa uso unabadilika. Hili linaniuma kweli.

Mavazi nayo. Mama aliuliza mbona kwenye picha nimevaa kama mfanya usafi. Ni kweli mama, mfanya usafi anavaa karibu hivyo hivyo, na daktari akija kutembelea wazee naye anavaa hivyo hivyo, blauzi ya mikono mifupi. Ni kanuni ya usafi nchi nzima kwa anayemgusa mgonjwa, mikono wazi mpaka kwenye kiwiko, hakuna saa hakuna pete wala bangili, ili kunawa kufike kote na vijidudu visihame na shati. Koti jeupe la mikono mirefu sijaliona tangu nianze. Ukitaka kujua nani daktari soma kibandiko kifuani.

Lakini msije mkadhani huku hakuna urasmi kabisa. Bungeni kwao mtu akisimama anaanza kwa kumtaja Spika kwa cheo chake kama pale pale Dodoma. Mfalme huambiwi umwambie "du", unamwambia "Mfalme anaonaje", na ile dhifa ya Nobel kila tarehe 10 Desemba wanaume ni koti la mkia na tai nyeupe au vazi la taifa lao, hakuna mjadala. Na muda! Kikao cha saa mbili kinaanza saa mbili, ukiingia na dakika kumi umewadharau wote waliokaa, hata uwe mkubwa gani. Chumba cha kufulia pale ninapoishi kina ratiba ukutani, ukizidisha saa yako jirani anakubandikia karatasi mlangoni. Mtu atakuja kwako na jinzi afu viatu anavivua mlangoni bila kuambiwa.

Sasa dogo sikiliza. Mwezi uliopita yule bibi alianza kuyumba akiinuka kitandani. Msaidizi mwenzetu, binti mdogo hata mwaka hajamaliza, ndo aliyegundua kwamba inakuja baada ya dawa mpya ya presha. Daktari alipokuja yule binti akamwambia pale pale mbele yetu sote, kwa jina lake, nadhani dozi ni kubwa. Daktari akavuta kiti akakaa, akamuuliza tangu lini, saa ngapi, akinywa na chakula au bila, akaandika, akampima bibi presha amelala na amesimama, dozi ikapunguzwa siku hiyo hiyo. Mi nilikuwa nimesimama pembeni nakumbuka fildi yangu kwenye hospitali moja huko nyumbani, muuguzi mzoefu kaona dawa imeandikwa mara mbili kwenye faili na akanyamaza mpaka jioni kwa sababu "nitaanzaje kumwambia dokta". Yule mama alikuwa anajua kazi kuliko wengi, kilichomfunga mdomo ni woga wa cheo tu, na mgonjwa ndo anaulipia.

Kwa hiyo Jumatatu shikamoo zako zote toa, kuanzia kwa mlinzi wa getini. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma usome, shati ipigwe pasi, mkurugenzi muite mkurugenzi. Hayo sikukatazi na mimi mwenyewe mpaka leo nikimpa yule bibi kikombe chake goti linakunjika lenyewe, na sitaki liache. Ila ukiona hesabu kwenye jedwali haijakaa sawa sema. Sema kwa adabu, "samahani mkuu naomba tuangalie hapa", lakini sema siku hiyo hiyo, na kesho yake kijana wa chini yako akikusahihisha wewe vuta kiti kama yule daktari.

Baba naomba umpe zile stori za enzi za ndugu kabla hajaanza, anakusikiliza wewe kuliko mimi. Hela ya kaunda suti nimemtumia mama leo asubuhi, amuwahi yule fundi wa Majengo maana wiki ya mwisho wa mwezi hashikiki, na mikono ashone mifupi, joto la Mtumba mchana nalijua.

Ni mimi mwanenu.