"Daktari, huo unga ni mfupa wa nini?"

Swali hili tunaulizwa hapa kliniki karibu kila tunapotaja kujaza pengo la jino lililong'olewa kwa unga wa kuotesha mfupa, na ni swali la haki. Mtu anataka kujua kinachoingia mwilini mwake, na kama ni halali. Upo unga utokanao na mfupa wa ng'ombe, upo wa nguruwe pia. Sisi tunatumia kauri iliyotengenezwa maabara kwa kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na meno yako. Haina mnyama ndani yake.

Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika hukosa kazi, ukaanza kulika. Ndani ya miezi 12 upana wa taya pale waweza kupungua karibu nusu. Ndiyo maana anayekuja miaka baadaye kutaka jino la kupandikiza, mara nyingi tunakuta hakuna pa kukazia skrubu.

Pita Mji wa Kale hapa pwani, utazame jiwe la matumbawe kwenye kuta za nyumba, pale plasta ilipobambuka. Limejaa vitundu. Kauri yetu ndivyo ilivyo, ila vitundu vyake ni vidogo mno. Na huu si mfano wa kubuni: mwaka 1974 watafiti Roy na Linnehan walieleza jinsi ya kugeuza matumbawe yenyewe kuwa haidroksiapatiti, madini ya mfupa.

Siri iko kwenye vitundu hivyo. Viwe na upana wa zaidi ya maikromita 100 (sehemu ya kumi ya milimita), vikifika 300 ni bora, na lazima vipitiane. Tundu lililoziba halipitishi mishipa ya damu, na pasipo damu hapaoti mfupa. Tukidondosha damu yako kwenye kisahani chenye chembe za kauri hiyo, utaiona ikipanda yenyewe, chembe hadi chembe, mpaka zote ziwe nyekundu na kushikamana kama mchanga mbichi.

Unaojenga ni mwili wako. Kauri ni jukwaa la mafundi tu. Aina moja ya kauri, trikalsiamu fosfeti, huyeyuka taratibu na kuuachia mfupa nafasi; nyingine, haidroksiapatiti, hudumu miaka, basi mara nyingi huchanganywa. Mpaka taya ikomae ni kama miezi 4 hadi 6. Usitafunie upande huo mwanzoni, maana kauri yenye vitundu ni dhaifu. Sigara tafadhali acha, na mwenye kisukari atwambie mapema.

Ukiambiwa jino litang'olewa, uliza habari za pengo kabla koleo haijaingia. Kama hakuna usaha, mara nyingi hujazwa siku hiyohiyo.